HESABU YA WANA WA SAMAKI MTONI

Yamkini baadhi ya wanachama watashangaa kuona kurasa hizi, ambazo aghalabu hunena habari za mishahara, likizo, nyumba na vyeo, zikishughulika leo na samaki wa mito ya baridi. Twawaomba wasiiweke karatasi kando kabla ya kufika mwisho. Habari yenyewe ni habari ya daftari, na daftari ndiyo kazi yetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; nasi twataka kuonyesha kwamba neno hili ni kweli hata kwa mali iogeleayo majini.

Rai yetu kwa ufupi ni hii. Serikali yo yote inayotaka kuhifadhi samoni na trauti katika mito yake yapasa kwanza kuwahesabu watoto wa samaki hao, mwaka kwa mwaka, mahali pale pale na kwa njia ile ile. Na hesabu hiyo yapasa ipewe nguvu ya kuzuia kazi isiyofaa, hata kama kazi hiyo inapendwa na wakubwa na kusifiwa na watu. Hesabu isiyoweza kumzuia mtu neno lo lote ni pambo la kabati tu.

Kwanza na tueleze maisha ya samaki wenyewe, kwani si wote waliowaona. Samoni wa bahari ya Atlantiki huzaliwa mtoni. Jike huchimba shimo katika changarawe wakati wa majira ya kupukutika majani, au mwanzo wa baridi, akataga mayai yake na kuyafunika. Mayai huanguliwa wakati baridi inapokwisha, na vifaranga hukaa kwanza ndani ya changarawe, wakila kiini cha yai walichotoka nacho. Kisha hutoka na kutafuta chakula, na kila mmoja hushika mahali pake penye jiwe na mkondo, akiwafukuza wenziwe. Wakikua kidogo hupata madoa ubavuni, mfano wa alama za vidole vya mtu. Hukaa hivyo mwaka mmoja, au miwili, au mitatu, na kaskazini pengine zaidi. Kisha hugeuka rangi, wakawa weupe kama fedha, na wakati wa masika ya Ulaya huteremka kwenda baharini. Huko hukaa mwaka mmoja au zaidi, nao hurudi wakiwa wakubwa, wengi wao katika mto ule ule waliozaliwa. Trauti wa Ulaya ni jamaa yao: wengine huenda baharini na kurudi, na wengine hawatoki mtoni maisha yao yote.

Sasa mtu aweza kuuliza, mbona tusiwahesabu wakubwa tu wanaporudi? Hao ni wachache, waonekana, na ndio wanaoliwa. Jibu letu ni kwamba mwenye ghala asiyejua kiasi cha mali iliyotoka hawezi kujua kiasi kilichopotea njiani. Samoni wakubwa wakipungua, mmoja atalaumu wavuvi, wa pili atalaumu sili wa pwani, wa tatu atalaumu wakulima waliochafua mto, nao watabishana miaka kumi bila kupata hukumu. Walakini pakiwa na hesabu ya vijana walioteremka na hesabu ya wakubwa waliorudi, shauri hukatwa mara moja. Ikiwa walioteremka ni wengi kama zamani na waliorudi ni haba, hasara imetokea baharini. Ikiwa walioteremka wenyewe ni haba, hasara ni ya mto. Kwa njia hii imejulikana kwamba katika mito ya Ulaya iliyopimwa muda mrefu, vijana wanaorudi salama kutoka baharini ni wachache kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1970. Bahari haina lango la kufunga. Mto, hata hivyo, umo mikononi mwa watu, na kwa kuwa bahari yawala wengi, mto yapasa upeleke vijana wengi tena wenye afya.

Namna ya kuhesabu si uchawi. Watu huchagua kipande cha kijito, wakakifunga juu na chini kwa nyavu. Kisha huingia majini na chombo kinachopitisha nguvu za umeme kwa kiasi kilichopimwa. Samaki hulegea, wakachukuliwa kwa wavu wa mkono na kutiwa katika ndoo. Hupimwa urefu, na wengine hutolewa magamba mawili matatu, kwani gamba la samaki lina duara za miaka kama shina la mti. Wakizindukana hurudishwa mtoni. Kazi hii yataka mafundisho, maana umeme uliozidi waweza kuvunja uti wa samaki, na wa mtu pia si wa kuchezea.

Lakini je, waliokamatwa ndio wote? La. Hapo ndipo ilipo akili ya kazi. Wahesabuji hupita mara ya pili katika kipande kile kile bila kurudisha wale wa kwanza. Mwaka 1967 mabwana Seber na Le Cren walitoa kanuni ambayo karani ye yote aliyemaliza darasa la hesabu ataifuata: zidisha idadi ya kwanza kwa nafsi yake, kisha gawanya kwa tofauti ya idadi ya kwanza na ya pili. Tuseme, kwa mfano tu, mara ya kwanza walipatikana 60 na mara ya pili 20. Sitini mara sitini ni 3,600. Tofauti ni 40. Jawabu ni 90. Basi katika kipande kile mlikuwa na samaki kiasi cha 90, ingawa walioonekana ni 80 tu. Kanuni hii yafaa maadamu juhudi ya mara ya pili ni sawa na ya kwanza. Mtu akichoka, akapita mara ya pili kwa uvivu, jawabu litapotea, wala hakuna atakayejua ila yeye mwenyewe. Twaomba wanachama walikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Iko na njia ya pili, nayo ni alama. Katika mto Frome, kusini mwa Uingereza, tangu mwaka 2005 watoto wa samoni kiasi cha 10,000 hukamatwa kila mwaka mwishoni mwa majira ya joto, na kila mmoja hutiwa mwilini kidude kidogo chenye namba yake mwenyewe, ambacho husomwa na mitambo iliyotegwa mtoni apitapo. Masika yafuatayo vijana wanaoteremka hukamatwa na kutazamwa. Tuseme tena kwa mfano: ikiwa katika kila kumi mmoja ana alama, na ikiwa wenye alama na wasio nayo hufa kwa kadiri moja, basi watoto wote wa mto ule walikuwa kiasi cha 100,000. Na kwa kuwa kila namba ni ya samaki mmoja, wajua nani aliteremka, siku gani, na nani alirudi. Hakuna orodha ya watumishi iliyo safi kuliko hii.

Faida ya hesabu haionekani mwaka wa kwanza, na hili ndilo linalowachosha watoa fedha. Katika kijito cha Girnock, kimiminikacho katika mto Dee huko Scotland, samoni wapandao na watoto wateremkao wamekamatwa na kuhesabiwa tangu mwaka 1966. Mwaka ule ule bwana Elliott alianza kuchungua trauti wa kijito kidogo kiitwacho Black Brows Beck, katika nchi ya maziwa ya Uingereza, akaendelea zaidi ya miaka ishirini. Matokeo ya kazi yake yafaa kujulikana na kila mtu. Aliona kwamba mayai yakiwa mengi, vifaranga hufa kwa wingi katika majuma ya kwanza baada ya kutoka kwenye changarawe, kwani hapana nafasi ya kuwatosha wote. Mayai mengi mno hayaleti samaki wengi mno. Kijito kina vyumba vyake, na vyumba vikijaa, anayebaki nje hufa.

Na tuchukue mfano wa karibu zaidi. Desemba ya mwaka 2015 katika Uingereza na Wales ilikuwa na joto lisilo desturi, na mvua nyingi zilileta mafuriko. Katika mwaka 2016 waliohesabu walikuta vifaranga wa samoni ni haba mno katika mito mingi. Kama pasingalikuwa na madaftari ya miaka iliyotangulia, nani angalijua kwamba jambo hili si la kawaida? Mvuvi hangaliona neno, maana samaki aliowavua mwaka ule walizaliwa miaka mingine. Hasara ingalijulikana baada ya miaka kadhaa, pale wakubwa walipokosekana. Hesabu ya watoto ni barua inayofika kabla ya msiba, nayo humpa msimamizi nafasi ya kupunguza uvuvi mapema.

Sasa twaingia katika neno lenye ubishi. Tangu karne ya 19 dawa ya kila mto uliopungukiwa imekuwa moja: kujenga nyumba ya kuangulia mayai, kulea vifaranga humo, na kuwamimina mtoni. Wenye kuitetea kazi hii si wajinga, nasi tutaeleza hoja yao kwa haki. Wasema kwamba mtoni mayai mengi hupotea kwa mafuriko, kwa tope na kwa kuliwa, hali ndani ya nyumba yaliyo mengi huanguliwa salama. Basi kwa nini tusiyaokoe? Tena watu huona kwa macho yao ndoo za samaki zikimwagwa mtoni, nao hujua kwamba fedha yao imefanya kazi. Gazeti hupiga picha, na mkubwa hutoa hotuba.

Hoja hiyo ni nzuri mpaka uifikishe mbele ya daftari. Tumekwisha kuona kwamba mlango mwembamba si yai bali ni nafasi ya kijito. Ukimimina vifaranga elfu katika vyumba vilivyojaa, hukuongeza ila njaa na ugomvi. Huko Montana, katika Marekani, mtumishi wa idara ya samaki jina lake Dick Vincent alilijaribu jambo hili tangu mwisho wa miaka ya 1960. Mto Madison ulikuwa ukitiwa trauti waliolelewa, waliokwisha kufikia ukubwa wa kuvuliwa. Katika sehemu moja ya mto kazi hiyo ilikomeshwa. Na katika kijito cha O'Dell, ambacho hakikuwa kikitiwa samaki, walitiwa. Yeye na wenzake wakahesabu kwa umeme. Pale walipoacha kumimina, trauti wa mto wenyewe waliongezeka sana. Na pale walipoanza kumimina, wa mto wenyewe walipungua sana. Wageni walikuwa wakiwasumbua wenyeji.

Hebu fikirini hali ya mtumishi yule. Idara yake ilikuwa na nyumba za kulelea samaki na watu walioajiriwa humo. Wavuvi walizoea kuona gari la samaki likija, na wenye maduka walitegemea wavuvi. Daftari lake lilisema kwamba kazi inayosifiwa na wote yapunguza kile inachodaiwa kuongeza. Aliandika alichokiona. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mwaka 1974 serikali ya Montana iliacha kumimina trauti katika mito yake, na mito hiyo hata leo ni maarufu kwa trauti waliozaliwa humo humo.

Tena kuna hasara isiyoonekana upesi. Katika mto Hood, huko Oregon, wataalamu walichungua trauti waendao baharini kwa kutazama nasaba zao, wakatoa habari mwaka 2007 kwamba uwezo wa samaki hao wa kuzaa mtoni ulipungua kwa kiasi cha asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa nyumbani. Kizazi kilicholelewa kwa kuletewa chakula, damu yake yenyewe yaweza kubadilika.

Hatusemi kwamba nyumba za mayai zifungwe zote. Mahali ambapo samaki wametoweka kabisa na njia yao imefunguliwa tena, huenda mbegu ikahitajika. Mahali ambapo kabila la samaki limebaki na wachache wa mwisho, huenda kuwalea kukawaokoa. Na shamba la kufuga samaki wa kuuzwa ni jambo jingine, halimo katika maneno yetu. Tusemalo ni kwamba asimwage mtu ndoo moja mtoni kabla ya kuhesabu waliomo, wala asimwage ya pili kabla ya kuhesabu kilichofanywa na ya kwanza.

Na ikiwa hesabu yaonyesha upungufu, tufanye nini? Aghalabu jibu ni kuutengeneza mto. Tope lililoziba changarawe huyanyima mayai hewa. Basi ng'ombe wazuiwe kubomoa kingo, na wakulima wasilime mpaka ukingoni. Ukuta usio na kazi tena uvunjwe, na wenye kazi ujengewe ngazi ya samaki. Joto nalo ni adui mkubwa: trauti huanza kutaabika maji yakipita kiasi cha digrii 20, na yakikaa karibu na 25 hufa. Kwa hiyo katika bonde la mto Dee watu wamepanda miti kandokando ya vijito ili kivuli kipoze maji. Kazi hizi hazina hotuba wala picha, na mti hukua polepole. Lakini zaongeza vyumba, na vyumba ndivyo vilivyopungua.

Haja ni kubwa. Mwezi wa Desemba 2023 jumuiya ya kimataifa ya kuhifadhi viumbe iliandika samoni wa Atlantiki katika daraja la walio karibu na hatari, hali zamani walihesabiwa kuwa salama. Na wale wa Uingereza, Wales na Scotland iliwaandika katika daraja la walio hatarini. Neno hilo lisingaliweza kusemwa bila madaftari ya watu wengi wasiojulikana, waliosimama ndani ya maji ya baridi wakiandika namba kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Sasa na turudi kwetu. Trauti si samaki wa Afrika Mashariki kwa asili. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai kutoka Scotland, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye wakaenezwa katika vijito vya Mlima Kenya na kwingineko, na nyumba ya mayai ikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Huyu basi ni mgeni katika mito yetu, na mgeni naye yapasa aandikwe. Huko New Zealand, ambako pia alipelekwa na watu, trauti amewapunguza samaki wadogo wa asili. Kwa hiyo katika mito ya kwetu hesabu yapasa iwe na safu mbili: ya trauti, na ya viumbe wengine alowakuta. Ye yote atakaye kutia trauti zaidi katika kijito cha mlimani na aonyeshe safu hizo mbili kwanza. Akiwa hana, ajibiwe kwa adabu kwamba ombi lake limerudishwa ili likamilishwe, kama tunavyorudisha kila siku fomu isiyo na sahihi.

Neno letu la mwisho ni kwa wanachama wenyewe, kwani si wote watakaoona kijito cha trauti, lakini wote washika kalamu. Tulisema kwamba mhesabuji akipita mara ya pili kwa uvivu, ni yeye peke yake ajuaye. Hali yetu ni hiyo hiyo. Namba iandikwayo wilayani hupanda ofisi hata ofisi, ikajumlishwa na nyingine, mpaka ikawa msingi wa amri. Na aliye juu hana macho ila yale aliyopewa na karani wa chini. Mahali pasipoonekana samaki hata mmoja, paandikwe sifuri. Mahali pasipohesabiwa, paachwe wazi na sababu itajwe. Sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja, na mwenye kuzichanganya amedanganya hata kama hakukusudia. Namba ya kumpendeza mkubwa ni mbaya kupita zote, kwani hukaa ndani ya daftari kama mchwa ndani ya boriti.

Na kwa wakubwa twasema hivi kwa heshima: msikate fungu la kuhesabu kwa kuwa halionyeshi faida mwaka huu. Mwaka mmoja ukikosekana katika daftari haununuliwi tena kwa fedha yo yote. Tena mtumishi akileta namba isiyopendeza, asihamishwe. Na asomwe kwanza.